John Mugabi

John Paul Mugabi (amezaliwa Kampala, Uganda, 4 Machi 1960) ni bondia mstaafu wa Uganda aliyejulikana ulingoni kwa jina la "The Beast", yaani "Mnyama". Alipata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na mwaka 1989 akawa bingwa wa dunia wa Baraza la Ngumi la Dunia (WBC) katika uzito wa kati mwepesi. Katika mapambano 50 ya ngumi za kulipwa alishinda 42, na kati ya hayo 39 aliyamaliza kabla ya raundi za mwisho kutimia. Alishindwa mara 7 na kutoka sare mara 1.

Anakumbukwa zaidi kwa pambano aliloshindwa, lile la Machi 1986 dhidi ya Mmarekani Marvin Hagler huko Las Vegas.

Ndondi nchini Uganda kabla yake

Mugabi alikulia katika nchi iliyokuwa na mizizi mirefu ya ngumi. Mchezo huu ulienea Uganda wakati wa ukoloni wa Kiingereza kupitia jeshi, polisi, shule na kumbi za mitaa ya wafanyakazi jijini Kampala. Idi Amin, aliyetawala nchi kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, alikuwa bondia wa jeshi na bingwa wa taifa katika miaka ya 1950. Francis Nyangweso, aliyepigana katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, alikuja kuwa mkuu wa jeshi wakati wa Amin, na baadaye akaongoza Kamati ya Olimpiki ya Uganda kwa miaka mingi.

Matokeo yalionekana nje ya nchi. Kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 Eridadi Mukwanga alipata medali ya fedha na Leo Rwabwogo ya shaba. Miaka minne baadaye, mjini Munich, Rwabwogo alipanda hadi medali ya fedha. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970 mabondia watatu wa Uganda walirudi na dhahabu: James Odwori, Mohamed Muruli na Benson Masanda. Mwaka 1974 Ayub Kalule alitwaa ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mjini Havana, Kuba.

Hata hivyo medali hazikuwa na mshahara. Uchumi wa Uganda ulianguka katika miaka ya 1970, na bondia aliyetaka kuishi kwa ngumi zake ilimbidi aondoke. Kalule alihamia Denmark na mwaka 1979 akawa bingwa wa dunia wa Chama cha Ngumi cha Dunia (WBA) katika uzito wa kati mwepesi. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Uingereza, alipata mkanda wa WBC wa uzito mwingine mwaka 1981. Mugabi alifuata njia hiyohiyo ya kwenda ughaibuni.

Olimpiki ya Moscow 1980

Mugabi alifika Moscow akiwa na umri wa miaka 20. Uganda ilikuwa imetoka vitani. Jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wameiteka Kampala mwezi Aprili 1979 na kumwondoa Amin, na katika kipindi cha miezi michache tu nchi ilibadilisha viongozi zaidi ya mara moja.

Nchi nyingi, ikiwemo Kenya, zilisusia michezo hiyo kwa sababu ya majeshi ya Urusi ya Kisovyeti kuingia Afghanistan. Uganda na Tanzania zilishiriki. Tanzania ilipata medali mbili za fedha kupitia wanariadha Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na Uganda ikapata moja kupitia Mugabi.

Mugabi alishindana katika uzito wa kilo 67. Wakati huo ngumi za ridhaa zilikuwa za raundi 3 za dakika 3 kila moja, na mabondia hawakuvaa kofia za kukinga kichwa. Kofia hizo zilianza kutumika kwenye Olimpiki ya mwaka 1984. Katika nusu fainali alimshinda Kazimierz Szczerba wa Poland kwa uamuzi wa majaji 3 dhidi ya 2. Katika fainali alikutana na Andrés Aldama wa Kuba, nchi iliyotawala ngumi za ridhaa zama hizo, akashindwa kwa majaji 4 dhidi ya 1.

Hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024 hakuna bondia mwingine wa Uganda aliyepata medali ya Olimpiki.

Kuingia ngumi za kulipwa

Mugabi alianza ngumi za kulipwa mwezi Desemba 1980, mwezi uleule Uganda ilipofanya uchaguzi uliomrudisha Milton Obote madarakani. Matokeo ya uchaguzi huo yalipingwa, na mapema mwaka 1981 Yoweri Museveni na wenzake walianzisha vita vya msituni. Karibu safari yote ya Mugabi ya kupanda kwenye ngumi za kulipwa ilitokea wakati nyumbani kwao kuna vita.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa London. Meneja wake alikuwa Mickey Duff, mzaliwa wa Poland aliyekimbilia Uingereza utotoni kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akapigana ngumi akiwa kijana, kisha akawa mmoja wa mapromota wenye nguvu zaidi nchini humo. Kocha wake alikuwa George Francis, ambaye pia alimfundisha John Conteh, bingwa wa dunia wa miaka ya 1970, na Boza-Edwards. Kwa hiyo kijana kutoka Kampala aliingia moja kwa moja mikononi mwa watu waliojua jinsi ya kumfikisha bondia kwenye pambano la ubingwa.

Baada ya muda mfupi Duff alimpeleka Marekani, kwenye fedha na televisheni. Huko Mugabi alikutana na mabondia wagumu wa uzito wake. Miongoni mwa aliowashinda ni Eddie Gazo wa Nikaragua, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa WBA, na Curtis Parker wa Philadelphia, ambaye hakumaliza raundi ya kwanza. James Green, aliyeitwa "Hard Rock", alimpa kazi ngumu hadi mwamuzi alipolisimamisha pambano katika raundi ya 10. Frank Fletcher, aliyeitwa "The Animal", alidondoshwa katika raundi ya 4 mwaka 1984. Earl Hargrove alifuata mwaka 1985, naye hakufika raundi ya pili.

Kufikia mwisho wa mwaka 1985 Mugabi alikuwa ameshinda mapambano yote 25 ya kulipwa, na hakuna hata moja lililofika kwa majaji.

Mtindo wake wa kupigana

Mugabi hakuwa bondia wa kuzunguka ulingo akikusanya pointi. Alisonga mbele, akarusha makonde mapana ya mikono yote miwili, na kila konde lilikusudiwa kumaliza kazi. Konde la kulia na konde la kutokea chini kwenda kidevuni ndizo zilizoogopwa zaidi. Wapinzani wengi waliinua mikono kujikinga, lakini nguvu ya makonde iliwasukuma kwenye kamba hata pale yalipowapata kwenye mikono.

Mtindo huo ulikuwa na gharama zake. Kwanza, konde pana huchukua muda mrefu kufika, na bondia hubaki wazi kwa konde fupi la moja kwa moja. Pili, kurusha kila konde kwa nguvu zote humaliza pumzi. Bondia anayemaliza kazi katika raundi mbili au tatu hajifunzi kugawa nguvu zake kwa raundi 12. Kabla ya kukutana na Hagler, Mugabi hakuwa amewahi kupigana zaidi ya raundi 10. Tatu, bondia aliyezoea kumwona mpinzani akianguka hupata shida anapokutana na mtu asiyeanguka.

Pambano na Marvin Hagler

Miaka ya 1980 ilikuwa na mabondia wanne wakubwa katika uzito wa kati na uzito unaokaribiana nao: Sugar Ray Leonard, Roberto Durán, Thomas Hearns na Marvin Hagler. Walipigana wao kwa wao kati ya mwaka 1980 na 1989. Hagler alikuwa bingwa pekee wa uzito wa kati tangu Septemba 1980, na mwezi Aprili 1985 alikuwa amemwangusha Hearns katika raundi ya 3 ya pambano ambalo bado linatajwa kati ya makali zaidi kuwahi kutokea.

Mugabi alikuwa akipigana katika uzito wa kati mwepesi, ambao kikomo chake ni kilo 69.9. Ili kumkabili Hagler ilimbidi apande hadi uzito wa kati, wenye kikomo cha kilo 72.6. Tofauti hiyo ya karibu kilo 3 inaonekana ndogo, lakini kwa bondia ina maana ya kukutana na mtu mwenye mifupa mizito zaidi na aliyezoea kupokea makonde makubwa zaidi.

Pambano lilipangwa kufanyika Novemba 1985, likaahirishwa kwa sababu ya majeraha ya Hagler. Hatimaye lilifanyika tarehe 10 Machi 1986 katika uwanja wa wazi wa hoteli ya Caesars Palace, Las Vegas. Wiki sita kabla yake, tarehe 26 Januari, majeshi ya Museveni yalikuwa yameiteka Kampala. Mugabi alikuwa ametimiza miaka 26 siku sita tu zilizopita, na Hagler alikuwa na miaka 31.

Hagler kwa kawaida alisimama kama mtu wa kushoto, yaani alitanguliza mkono wa kulia na kuuweka wa kushoto nyuma. Katika raundi ya kwanza alibadilisha msimamo na kupigana kama mtu wa kulia, na Mugabi akampata kwa makonde mazito. Kuanzia raundi ya pili Hagler alirudi kwenye msimamo wake wa kawaida na kuanza kumjibu kwa makonde mafupi ya mkono wa mbele.

Kilichofuata hakikutarajiwa na wengi. Watabiri waliamini kwamba Mugabi angeshinda mapema au angeishiwa nguvu mapema. Alifanya tofauti: alishindwa kumwangusha Hagler, lakini aliendelea kupigana raundi baada ya raundi, huku jicho lake la kulia likivimba. Raundi ya 6 ilikuwa kali kuliko zote. Mabondia wote wawili walisimama karibu na kubadilishana makonde, na Hagler ndiye aliyetoka humo akiwa na nguvu zaidi. Uso wa Hagler nao ulikuwa umevimba.

Katika raundi ya 11 mfululizo wa makonde ya Hagler ulimwangusha Mugabi. Alikaa chini karibu na kamba wakati mwamuzi Mills Lane akihesabu hadi kumi, na hakunyanyuka. Ilikuwa mara ya kwanza kushindwa katika ngumi za kulipwa.

Matokeo ya pambano hilo

Pambano lilibadilisha maisha ya watu watatu. Kwa Hagler lilikuwa ushindi wake wa mwisho. Sugar Ray Leonard, aliyekuwa amestaafu, alilitazama akiwa kando ya ulingo na kuona kwamba Hagler ameanza kupungua kasi. Leonard alirudi ulingoni na tarehe 6 Aprili 1987 akamshinda Hagler kwa uamuzi wa majaji uliogawanyika. Hagler hakupigana tena. Kwa hiyo wanahistoria wa ngumi husema kwamba Mugabi ndiye aliyefungua mlango ambao Leonard alipita.

Kwa Mugabi mwenyewe, pambano lilimpa heshima kubwa zaidi kuliko ushindi wake wote 25, lakini baada yake hakuwa tena bondia yuleyule.

Kujeruhiwa jicho

Mugabi alirudi kwenye uzito wake wa kawaida. Tarehe 5 Desemba 1986, palepale Caesars Palace, alipigana na Duane Thomas kugombea mkanda wa WBC uliokuwa wazi. Watu wengi walimpa Mugabi nafasi ya kushinda. Katika raundi ya 3 aligeuka na kushika jicho lake, na mwamuzi akasimamisha pambano. Kidole gumba cha glovu ya mpinzani kilikuwa kimemwingia jichoni, na mfupa unaozunguka jicho ulikuwa umevunjika.

Ajali za aina hiyo zilikuwa za kawaida wakati kidole gumba cha glovu kiliweza kutembea huru. Baadaye glovu zenye kidole gumba kilichoshonwa kwenye sehemu nyingine ya glovu zilienea, ili kuzuia hatari hiyo.

Baada ya hapo Mugabi alikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kupigana.

Bingwa wa dunia

Alirudi ulingoni mwaka 1988 na kuanza tena kushinda. Wakati huohuo mkanda wa WBC wa uzito wa kati mwepesi ulipita mikononi mwa watu kadhaa, hadi mwezi Februari 1989 Mfaransa René Jacquot alipomshinda Mmarekani Donald Curry, jambo lililowashangaza wapenzi wa ngumi duniani.

Tarehe 8 Julai 1989 Mugabi alikwenda Ufaransa kupigana na Jacquot. Pambano lilimalizika katika raundi ya kwanza, baada ya Jacquot kuteguka kifundo cha mguu na kushindwa kuendelea. Mugabi akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 29. Taji alilolikosa mara mbili mwaka 1986 lilimjia kwa mguu wa mpinzani kuteguka.

Hakulishikilia kwa muda mrefu. Tarehe 31 Machi 1990, mjini Tampa, Florida, alikutana na Terry Norris, Mmarekani mwenye umri wa miaka 22 na kasi kubwa ya mikono. Norris alimwangusha katika raundi ya kwanza, akachukua mkanda na kuutetea mara nyingi hadi mwisho wa mwaka 1993.

Mugabi alipata nafasi moja zaidi. Tarehe 20 Novemba 1991, katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, aligombea mkanda wa uzito wa kati wa shirika la WBO dhidi ya Gerald McClellan, na kwa mara nyingine pambano liliisha katika raundi ya kwanza kwa yeye kushindwa. McClellan naye alikuja kuumia vibaya ubongoni mwaka 1995, katika pambano lake na Nigel Benn mjini London, na ulemavu aliopata ulikuwa wa kudumu.

Mapambano ya ubingwa wa dunia

10 Machi 1986, Las Vegas: alishindwa na Marvin Hagler, raundi ya 11 (uzito wa kati).
5 Desemba 1986, Las Vegas: alishindwa na Duane Thomas, raundi ya 3 (uzito wa kati mwepesi, WBC).
8 Julai 1989, Ufaransa: alimshinda René Jacquot, raundi ya 1 (uzito wa kati mwepesi, WBC).
31 Machi 1990, Tampa: alishindwa na Terry Norris, raundi ya 1 (uzito wa kati mwepesi, WBC).
20 Novemba 1991, London: alishindwa na Gerald McClellan, raundi ya 1 (uzito wa kati, WBO).

Orodha hii inaonyesha jambo moja wazi. Hakuna hata pambano moja kati ya matano lililofika kwa majaji, na matatu ya mwisho yalimalizika ndani ya dakika tatu za kwanza. Kipaji kilekile cha kumaliza mapambano mapema kilimgeukia: alipokuwa kijana yeye ndiye aliyefika kwanza kwa konde lake, na kasi ilipopungua wengine walifika kabla yake.

Australia na kustaafu

Baada ya kushindwa na McClellan, Mugabi aliacha ngumi na kuhamia Australia. Mwaka 1996, akiwa na miaka 36, alirudi ulingoni huko na kushinda mapambano kadhaa katika uzito mkubwa zaidi kuliko wa ujanani. Aliacha kabisa mwaka 1999, zaidi ya miaka 18 baada ya pambano lake la kwanza la kulipwa.

Nafasi yake katika historia

Mugabi ni mmoja kati ya mabondia watatu wa Uganda waliopata ubingwa wa dunia katika uzito uleule wa kati mwepesi. Wa kwanza alikuwa Ayub Kalule mwaka 1979, na wa tatu Kassim Ouma, aliyetwaa mkanda wa IBF mwaka 2004 baada ya kupitia utotoni maisha ya askari mtoto. Wote watatu walipata mataji yao wakiishi nje ya Uganda.

Hali hiyo inaeleza mengi kuhusu ngumi za Afrika Mashariki. Vilabu vya mitaani, majeshi na timu za taifa viliweza kumlea bondia hadi kwenye Olimpiki. Lakini pambano la ubingwa linahitaji promota, televisheni, madaktari na fedha, na katika miaka ya 1980 vyote hivyo vilipatikana London, Las Vegas au Copenhagen. Nchi ilimtoa bondia, na mafanikio yake yakaonekana mbali na watu waliomfahamu akiwa mtoto. Kwa sababu hiyo Waganda wengi walimjua Mugabi zaidi kupitia redio na magazeti kuliko kwa kumwona akipigana.

Tazama pia

Ndondi
Ayub Kalule
Cornelius Boza-Edwards
Kassim Ouma
Uganda katika Michezo ya Olimpiki